Kutoka Falaki hadi Jeneza: Jinsi Wimbo wa "Astronomia" Ulivyogeuka kuwa Mimu ya Mtandaoni

Ikisiri

Makala haya yanafafanua jinsi wimbo wa elektroniki uliojulikana na wasikilizaji wachache ulivyogeuka, katika majuma machache ya mwaka 2020, kuwa mimu iliyotambulika karibu kila mahali penye simu. Mfano unaochunguzwa ni "Astronomia" wa Tony Igy, mwanamuziki wa Urusi, na kuunganishwa kwake na picha za wabeba jeneza wanaocheza nchini Ghana. Hoja inayotetewa ni kwamba wimbo huu haukuenea kwa bahati tu, wala kwa ubora wake peke yake. Ulienea kwa sababu umbo lake liliuwezesha kuazimwa na yeyote, kwa lolote. Makala pia yanahoji gharama ya kuazima huko kwa walioazimwa.

1.0 Utangulizi

Mwezi Aprili mwaka 2020, wakati miji mingi ya dunia ilikuwa imefungwa kwa sababu ya UVIKO-19, video fupi za aina moja zilipita kwenye simu za watu wa lugha zote. Mtu anajaribu kuruka mfereji kwa baiskeli. Muziki unaanza kusikika kwa mbali. Baiskeli inayumba, na kabla mtazamaji hajauona mwisho wa jambo, picha inakatwa: wanaume waliovaa suti na miwani meusi wanacheza wakiwa na jeneza mabegani, na muziki umeshapaa. Hakuna neno lililosemwa. Aliyeanguka haonekani tena, na kila mtu amekwisha kuelewa.

Maelezo ya kawaida kuhusu jambo kama hili ni kwamba wimbo "ulilipuka" mtandaoni. Sitiari hiyo inaficha zaidi ya inavyoeleza. Mlipuko hauna mtendaji, hali video hizo zilikatwa na kuunganishwa na watu, moja baada ya nyingine, kwa kufuata kanuni ambazo hazikuandikwa popote lakini zilizingatiwa kwa uaminifu wa kushangaza. Mtafiti wa fasihi simulizi anapoona kanuni zisizoandikwa zikizingatiwa na watu wasiofahamiana, hana budi kusimama na kutazama. Nilipowasilisha wazo hili kwa mara ya kwanza, msomaji mmoja aliuliza kama hii ni fasihi au ni upuuzi wa vijana. Swali lilikuwa la haki. Jibu langu, ambalo makala haya yanalifafanua, ni kwamba kuna fanani, hadhira, fomula na utendaji, na kwamba upuuzi haujapata kamwe kuwa kigezo cha kuzifungia nje tanzu za fasihi simulizi. Laiti ungekuwa kigezo, vichekesho na vitanza ndimi vingekuwa nje zamani.

2.0 Kuhusu neno "mimu"

Istilahi hii ilibuniwa na mwanabiolojia Richard Dawkins katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu jeni. Alilifupisha neno la Kigiriki lenye maana ya kitu kinachoigwa, ili lifanane kwa sauti na neno la jeni. Kwa Dawkins, mimu ni chembe ya utamaduni inayojinakili kutoka akili moja hadi nyingine: mtindo wa mavazi, sauti ya wimbo, namna ya kufinyanga chungu. Katika Kiswahili cha mitandaoni watu huandika kwa namna mbalimbali. Makala haya yanatumia umbo "mimu", katika ngeli ya I-ZI, kwa sababu "mimi" tayari ina kazi nzito katika lugha yetu.

Udhaifu wa dhana ya Dawkins ni kwamba inamfanya binadamu kuwa gari tu la kubebea chembe hizo. Limor Shifman, katika kazi yake ya mwaka 2014 kuhusu mimu za kidijitali, anarekebisha hilo kwa kutofautisha kitu kilichosambaa na mimu. Kilichosambaa ni kitu kimoja kinachopita kwa wengi bila kubadilika, kama video moja inayotazamwa na mamilioni. Mimu ni kundi la matini zinazofanana, kila moja ikitengenezwa na mtu anayejua kuwa nyingine zipo. Shifman anataja pia njia mbili kuu za utengenezaji huo: uigaji, ambapo mtu anakitenda upya kitendo kwa mwili wake, na uchanganyaji, ambapo mtu anachukua sauti au picha iliyopo na kuihariri. Tofauti ya njia hizi mbili itakuwa na uzito huko mbele.

3.0 Wimbo

"Astronomia" ulitolewa mwaka 2010. Jina lake lina maana ya falaki, elimu ya nyota, na hakuna chochote ndani yake kinachohusu kifo. Ni muziki wa kucheza uliotengenezwa kwa vinanda vya elektroniki na kompyuta, usio na mwimbaji wala maneno. Mwaka 2014 kundi la Vicetone, vijana wawili kutoka Uholanzi, lilitoa toleo jipya lililoufanya mdundo kuwa mzito zaidi na kiitikio cha kinanda kuwa kikali zaidi. Toleo hilo ndilo lililoingia katika mimu. Kati ya 2014 na 2020 lilikuwa na wapenzi wake miongoni mwa wafuasi wa muziki wa aina hiyo, lakini nje ya uwanja huo halikuwa na jina.

Sifa tatu za wimbo zinahitaji kuelezwa. Ya kwanza ni kutokuwa na maneno. Wimbo wenye maneno huja na mzungumzaji wake, lugha yake na kisa chake. Anayeuazima anauazima pamoja na hayo yote, apende asipende. Anayeweka taarabu juu ya picha ya ajali ameshaleta mapenzi, mafumbo na majirani. "Astronomia" hauleti mtu yeyote.

Sifa ya pili ni umbo lake. Kama nyimbo nyingi za aina hii, una sehemu ya maandalizi inayopandisha shauku, kisha mahali ambapo mdundo unapasuka. Masikio ya msikilizaji, hata asiyejua chochote kuhusu muziki huo, yanahisi kwamba kitu kinakuja. Kwa mhariri wa video, mpasuko huo ni alama iliyokwisha kuchorwa ikionyesha mahali pa kukata. Hahitaji kipaji, anahitaji kusikia tu.

Sifa ya tatu ni ile ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa kasoro, yaani kutojulikana. Wimbo maarufu una sura ya msanii, una kumbukumbu za harusi na safari za watu. Wimbo usiojulikana ni nyumba tupu. Watu milioni walioingia humo kwa mara ya kwanza waliikuta na jeneza, na hawakuwa na samani nyingine ya kuihamisha. Kwa hiyo swali la kawaida, "wimbo huu uliwezaje kufanikiwa ilhali haujulikani?", kwa maoni yangu limegeuzwa kichwa chini. Usingekuwa hivyo, pengine usingeweza kubeba maana mpya kwa ukamilifu namna ile. Sifa hizi tatu kwa pamoja naziita uazimikaji.

4.0 Wabeba jeneza

Picha zina historia yake mbali kabisa na wimbo. Katika mji wa Prampram, pwani ya Ghana mashariki ya Accra, kuna kampuni ya kubeba majeneza inayoongozwa na Benjamin Aidoo, ijulikanayo kwa jina la Nana Otafrija. Familia inayowakodi huulizwa kama inataka mazishi ya kimya au inataka madoido. Wakichagua madoido, wabebaji huingia wakiwa na mavazi ya sare, hulibeba jeneza kwa bega moja, huinama, hupiga magoti, hutambaa chini huku jeneza likibaki sawa juu yao. Ni kazi ya nidhamu kubwa ya mwili, na aliyewahi kubeba jeneza hata mita hamsini atajua ninachosema.

Kazi hiyo haikuzuka hewani. Mazishi nchini Ghana ni taasisi iliyoandikwa sana na wataalamu. J. H. Kwabena Nketia alichapisha mwaka 1955 uchunguzi wake wa nyimbo za maombolezo za Waakan, na Marleen de Witte mwaka 2001 alieleza jinsi mazishi ya Asante yalivyobadilika kwa kuingiliwa na video, magari na vyumba vya kuhifadhia maiti. Huko Teshie, si mbali na Prampram, Seth Kane Kwei alijulikana tangu miaka ya 1950 kwa majeneza yenye umbo la samaki, ndege au tunda la kakao, kulingana na maisha ya marehemu. Katika muktadha huo, kumsindikiza mzee kwa ngoma ni heshima na ni gharama. Ni njia ya familia kusema kwamba aliyeondoka hakuwa mtu wa kuondoka kimya.

Mwaka 2015 video ya wabebaji wa Ghana wakicheza mazishini iliwekwa YouTube na msafiri aliyehudhuria msiba wa kifamilia. Mwaka 2017 BBC ilitangaza taarifa fupi kuhusu Aidoo na vijana wake, ikieleza namna kazi hiyo inavyowapa vijana ajira. Taarifa hiyo ilitazamwa sana. Kwa mujibu wa kigezo cha Shifman, hapo tulikuwa na kitu kilichosambaa, si mimu. Watu walitazama, walishangaa, walipeleka kwa wenzao. Hawakutengeneza chochote.

Jambo moja lisisahaulike: katika mazishi yenyewe, wabebaji hao hucheza kwa muziki wa bendi ya tarumbeta na ngoma inayopigwa papo hapo. Miguu tunayoiona katika mimu inafuata mapigo ambayo tumeondolewa masikioni.

5.0 Mshono

Mwishoni mwa Februari 2020, katika TikTok, picha hizo na wimbo huo viliwekwa pamoja juu ya video ya mtu aliyeanguka. Machi yote na Aprili mfano huo ulirudiwa, kwanza TikTok, kisha katika mikusanyo mirefu ya YouTube, kisha katika makundi ya WhatsApp ambako ndiko wengi wa Afrika Mashariki walikoupokea.

Ili kueleza kwa nini mshono huo ulishika, ni lazima kuanza na chombo. TikTok iliingia katika soko la nje ya China mwaka 2017, na Agosti 2018 ikaunganishwa na Musical.ly, programu iliyokuwa ya watu kuigiza kwa kufuatisha nyimbo. Urithi huo uliacha alama. Katika TikTok sauti si sehemu ya video tu. Ni kitu kinachojitegemea chenye ukurasa wake. Mtazamaji akigusa jina la sauti huletewa video zote zilizoitumia, pamoja na kitufe cha kumwezesha kutengeneza yake. Kwa maneno mengine, kila msikilizaji husimama hatua moja tu kutoka kuwa fanani. Katika redio, kaseti, hata YouTube ya awali, umbali huo ulikuwa mrefu zaidi. Algoriti ya programu hiyo nayo humwonyesha mtu video kwa kukadiria atakachokipenda, hata kama hamfuati aliyeitengeneza, na hivyo mtu asiye na wafuasi anaweza kutazamwa na wengi.

Lakini chombo kilekile kilikuwa na maelfu ya sauti nyingine. Tofauti iko katika kazi ambayo sauti hii ilifanya ndani ya masimulizi. Video za watu kuanguka zilikuwapo muda mrefu kabla ya intaneti. Vipindi vya televisheni vimezionyesha tangu zama za kamera za nyumbani. Tatizo la kisanaa la video hizo ni kwamba kilele chake hakipendezi kutazama. Mtu anagonga ukuta, na mtazamaji anashikwa na huruma au kichefuchefu. Mimu ya jeneza ilitatua tatizo hilo kwa mkato mmoja. Inamwondoa aliyeanguka sekunde ile ile ya kuumia, na mahali pake inaweka furaha ya ngoma. Maumivu yanadokezwa bila kuonyeshwa. Wahakiki wa tamthilia watakumbuka jinsi kifo jukwaani mara nyingi hutendeka nyuma ya pazia na kuletwa kwa taarifa ya mjumbe. Hapa wajumbe ni wabeba jeneza, nao hawasemi.

Baada ya mtazamaji kuziona video kama hizo mara tano au sita, jambo la kuvutia zaidi lilitokea. Noti za kwanza peke yake zikawa na maana. Ni hapa nadharia ya fasihi simulizi inatoa msaada ambao nadharia ya habari haitoi. Fanani anaposema "Paukwa!", hadhira inajibu "Pakawa!" kabla ya kisa chochote kusimuliwa, fomula imefungua mlango wa ulimwengu fulani na imewapa wasikilizaji kanuni za kukaa humo. Noti za "Astronomia" zikawa fomula ya kuanzia ya namna hiyo. Zikisikika huku mtoto akipanda kabati, mtazamaji alishajua, na kicheko chake kilitangulia tukio. Kufikia Mei, watengenezaji wengi hawakuhitaji tena kuonyesha jeneza. Mtu alipiga mluzi wa wimbo ule nyuma ya rafiki yake aliyekuwa anamjibu mama yake kwa jeuri, na jeneza lilionekana bila kuwapo. Kwa lugha ya semiotiki, kiashiria kilikuwa kimehamia kwenye sauti tupu.

Mfano wa kulinganisha ni "Harlem Shake" wa Baauer, wimbo mwingine wa elektroniki uliotolewa mwaka 2012 bila kelele nyingi, ukawa mimu Februari 2013. Nao ulikuwa na maandalizi na mpasuko, na video zake zilikatwa mahali hapo hapo: kabla ya mpasuko mtu mmoja anacheza huku wengine wakiendelea na shughuli zao, baada yake chumba kizima kimechanganyikiwa. Ulinganifu wa umbo ni mkubwa mno kuwa wa bahati. Tofauti ni kwamba "Harlem Shake" ulienea kwa uigaji. Ulihitaji watu, chumba na ujasiri wa kuonekana mjinga mbele ya kamera. Mimu ya jeneza ilienea kwa uchanganyaji. Mtu aliyefungiwa chumbani peke yake aliweza kuitengeneza kwa simu bila kuonyesha uso wake. Haishangazi basi kwamba ile ya kwanza ilikuwa mimu ya ofisi na mabweni ya vyuo, na hii ya pili ikawa mimu ya karantini.

Mwaka huo huo wa 2013 jarida la Billboard lilianza kuhesabu utazamaji wa YouTube katika orodha yake kuu ya nyimbo za Marekani, na "Harlem Shake" ukaingia moja kwa moja katika nafasi ya kwanza. Tangu hapo kampuni za muziki zilijua kwamba kuachia wimbo uazimwe kunaweza kulipa kuliko kuulinda. YouTube tayari, tangu mwaka 2007, ilikuwa na mfumo wa kutambua sauti unaompa mwenye haki uchaguzi: kuizuia video ya mtu mwingine, au kuiacha na kuchukua mapato ya matangazo yake. Uamuzi huo wa kimyakimya, unaofanywa ofisini na watu tusiowaona, ni sehemu ya maelezo ya kuenea kwa mimu yoyote yenye muziki. Wimbo unaozuiwa hauwi mimu.

6.0 Machi 2020

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa UVIKO-19 ni janga la dunia. Siku iliyofuata Ghana ilithibitisha wagonjwa wake wa kwanza, na tarehe 15 Machi Rais Nana Akufo-Addo alipiga marufuku mikusanyiko ya hadhara, yakiwamo mazishi. Maziko ya faragha yaliruhusiwa kwa watu wasiozidi 25.

Hivyo katika majuma yale yale ambamo wabeba jeneza wa Prampram walitazamwa na ulimwengu kuliko wakati mwingine wowote, kazi yao nyumbani ilikuwa imepigwa breki. Mazishi ya watu 25 hayana madoido. Sijaona kinaya hiki kikipewa uzito unaostahili katika maandishi ya haraka haraka yaliyofuata kuhusu mimu hii, ambayo mengi yalisimulia habari ya "Waafrika wanaochekesha" na kuishia hapo.

Janga pia lilibadilisha maana. Mwezi Februari jeneza lilikuwa adhabu ya kubuni kwa mpumbavu aliyeruka kutoka paa. Mwezi Aprili majeneza yalikuwa katika taarifa za habari kila jioni, na mpumbavu alikuwa yeyote aliyetoka nje bila sababu. Huko Amerika ya Kusini, polisi na mabango ya barabarani yaliazima taswira ya wabebaji kuwaonya watu wabaki majumbani. Mwezi Mei Aidoo na wenzake wenyewe, wakiwa wamevaa barakoa, walitoa video ya kuwashukuru wahudumu wa afya na kuwaambia watu wachague: kukaa nyumbani, au kucheza nao. Hapo walioazimwa walijitwalia mimu yao na kuitumia kusema walilotaka. Katika mlolongo mzima wa matukio, hicho ndicho kitendo ninachokiona kuwa cha kifanani zaidi.

7.0 Kicheko na ruhusa ya kucheka

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kusema kwamba kucheka mbele ya jeneza si jambo geni. Katika jamii nyingi za Tanzania mtani ana haki, na hata wajibu, wa kufanya mzaha msibani. Ataigiza mwendo wa marehemu na kuvaa nguo zake, au atalala kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Mnyamwezi na Mzaramo wamefanyiana hivyo kwa vizazi. Wafiwa hucheka huku wakilia, na hakuna anayesema kwamba marehemu amevunjiwa heshima.

Ulinganisho huu una manufaa, lakini una mpaka, na mpaka wenyewe ndio unaofundisha. Mtani ana ruhusa kwa sababu anajulikana. Ukoo wake unajulikana, na wafiwa wanajua kwamba kesho msiba ukiwa kwake, wao ndio watakaolala kaburini. Tena mara nyingi mtani huyo huyo ndiye anayechimba, anayepika, anayeteka maji. Kicheko chake kimelipiwa kwa jasho. Anayecheka kwa mimu hana deni kwa mtu. Hamjui marehemu aliyemo ndani ya sanduku lile, na hatarudishiwa mzaha siku ya msiba wake. Huu ni utani ulioondolewa undugu, na nadhani ndiyo sababu wengine, hasa waliokuwa wamefiwa mwaka ule na kuzuiwa kuzika inavyopasa, walishindwa kuutazama. Haitoshi kusema kwamba hawakuelewa mzaha.

Lakini kusema kwamba mimu ilidhalilisha mazishi ya Ghana nako ni kurahisisha. Wabebaji wenyewe hawakulalamika hivyo. Walichoazimwa kilikuwa sanaa iliyokusudiwa kutazamwa. Kilichopotea ni mambo mawili mahususi: muziki wao, uliofutwa na kufunikwa na mwingine, na sababu ya ngoma yao, yaani heshima kwa aliyekufa. "Harlem Shake" ilikuwa na kovu la namna hiyo hiyo. Wakazi wa Harlem walitazama mimu iliyobeba jina la ngoma yao ya tangu miaka ya 1980 na hawakuiona ngoma yao popote.

8.0 Nani alilipwa

Kwa mwanamuziki, hesabu ni rahisi kufuatilia. Wimbo wake una mwenye haki aliyesajiliwa, na mifumo ya kutambua sauti inaweza kuukuta popote ulipo. Miaka 10 baada ya kuutoa, Tony Igy alikuwa na wimbo unaojulikana duniani, ingawa unajulikana kwa kitu ambacho hakukitunga. Wengi wanaoutambua hawalijui jina la "Astronomia". Wanauita wimbo wa jeneza. Aliyeandika kuhusu nyota amekuwa mtunzi wa maombolezo.

Kwa wabebaji, hesabu ni ngumu zaidi. Namna ya kulibeba jeneza na kuinama nalo haina mfumo wa kuitambua. Mikono na magoti hayasajiliwi kwa urahisi kama noti, na picha ya mazishi kwa kawaida ni mali ya aliyeshika kamera. Walipata umaarufu, mialiko na kazi za matangazo, na Aidoo alionyesha uerevu wa kibiashara katika kuutumia umaarufu huo. Aprili 2022 mimu iliuzwa kama hati ya kidijitali ya umiliki kwa zaidi ya dola milioni moja za Marekani, mnunuzi akiwa studio ya muziki ya Dubai, na robo ya fedha ikatengwa kwa ajili ya Ukraine iliyokuwa vitani. Mazishi ya Ghana, wimbo wa Mrusi, fedha za Dubai, vita vya Ukraine: sijui mfano mwingine wa fasihi simulizi wenye ramani kama hiyo.

Kuna mhusika mmoja ambaye hesabu hizi zote hazimgusi. Ndani ya kila jeneza lililoonekana katika video za mazishi ya kweli alikuwamo mtu, ambaye familia yake ilitoa fedha ili asindikizwe kwa ngoma mbele ya watu waliomfahamu. Katika video ambazo mtafiti huyu amezitazama, jina la marehemu halikutajwa hata mara moja.